Hawakuwa Nyasi

Ipo methali ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tumeitumia hadi imechakaa: wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Tunaitoa kwenye kila ugomvi wa wakubwa, na mara nyingi inafaa. Lakini kuna mahali pamoja ambapo tumeitumia vibaya kwa muda mrefu, na madhara yake si madogo. Ni pale tunapozungumzia vita vilivyopiganwa baina ya Waingereza na Makaburu kule Afrika ya Kusini, kuanzia tarehe 11 Oktoba 1899 hadi tarehe 31 Mei 1902. Hapo ndipo tunapopenda kusema: wale walikuwa tembo wawili, Wazungu kwa Wazungu, wakigombea dhahabu, na Mwafrika, maskini wa Mungu, alikuwa nyasi tu.

Mimi nasema si kweli. Nasema tena kwamba maneno hayo, japo hutamkwa kwa huruma, yanamsaidia mkosaji. Nyasi haibebi bunduki. Nyasi haimpikii tembo wala haimchukulii mizigo. Na tembo wakishapatana hawakai mezani wakaandika kwamba nyasi ndizo zitakazolipa gharama ya mapatano yao. Kule Vereeniging mapatano ya namna hiyo yaliandikwa, yakatiwa saini, na deni lake likalipwa na watu ambao hawakuitwa mezani, wao na watoto wao na wajukuu wao, kwa muda wa miaka 92.

Kwa faida ya msomaji ambaye hakubahatika kuisoma habari hii kwa urefu, nitaieleza kwa kifupi. Makaburu ni kizazi cha Waholanzi, pamoja na Wafaransa na Wajerumani waliochanganyika nao, ambao walianza kulowea Rasi ya Tumaini Jema tangu mwaka 1652. Waingereza walipoitwaa rasi hiyo mwanzoni mwa karne ya 19, na hasa walipofuta utumwa, Makaburu wengi walipakia jamaa zao katika magari ya kukokotwa na maksai wakahamia bara. Huko wakaunda jamhuri mbili, Transvaal na Orange Free State, juu ya ardhi ya Watswana, Wasotho, Wapedi, Wandebele na wengineo. Mwaka 1877 Uingereza ikaitwaa Transvaal. Makaburu wakashika silaha mwezi Desemba 1880, na tarehe 27 Februari 1881 wakawashinda Waingereza katika kilima cha Majuba. Uingereza ikanywea, ikawarudishia utawala wao. Hivyo ndivyo vita vya kwanza.

Halafu mwaka 1886 ikagunduliwa dhahabu ya Witwatersrand. Tangu hapo Transvaal haikuwa tena nchi ya wafugaji inayoweza kuachwa ijiendee. Mwishoni mwa mwaka 1895 Dakta Jameson, swahiba wake Cecil Rhodes, aliongoza uvamizi wa kuipindua serikali ya Rais Kruger, akakamatwa pamoja na watu wake. Miaka minne baadaye serikali ya Uingereza yenyewe ikaingia vitani. Ilileta askari wapatao 450,000 kutoka kwao na katika makoloni yao, dhidi ya Makaburu ambao jumla yao, kwa muda wote wa vita, haikufika 90,000.

Hizo ndizo hesabu tunazofundishwa. Kuna hesabu nyingine ambayo aghalabu huachwa. Jeshi la Uingereza liliwatumia Waafrika wasiopungua 100,000. Hao ndio walioendesha magari ya maksai, waliochunga farasi, waliochimba mahandaki, waliopeleka barua usiku katikati ya maadui na waliopeleleza njia. Katika vita vile, jeshi lilikula, likasogea na kuona kwa kutegemea watu hao. Na hawakuwa wachukuzi tu. Mwaka 1902 Jenerali Kitchener mwenyewe alikiri kwamba zaidi ya 10,000 miongoni mwao walikuwa wamepewa bunduki. Wapo wanaokadiria kuwa walifika 30,000. Upande wa Makaburu nao walikwenda na Waafrika wapatao 10,000, walioitwa agterryers, yaani wapanda farasi wa nyuma. Hao waliwashikia mabwana zao farasi, wakawapikia, wakawatibu majeruhi, na baruti zilipokolea wengine walipewa bunduki wakapiga. Hata Wahindi wa Natal walikuwamo: mwanasheria kijana aliyeitwa Gandhi alikusanya watu wapatao 1,100 wa kubeba majeruhi kwa machela.

Pamoja na hayo yote, pande zote mbili zilishikilia maneno mamoja tangu siku ya kwanza: hivi ni vita vya watu weupe. Jenerali Cronje wa Makaburu alimwandikia kamanda wa Kiingereza wa Mafeking kumlaumu kwa kuwapa Waafrika silaha, akaona hilo ni kosa kubwa lisilo na mfano. Waingereza nao hawakusema, "Ndiyo, tumewapa, ni wenzetu katika vita hivi." Walikana, wakapunguza hesabu, wakatafuta visingizio. Hebu tulitafakari jambo hilo. Kama Mwafrika kweli alikuwa nyasi, kulikuwa na haja gani ya kuificha bunduki iliyokuwa mkononi mwake? Anayefichwa ni yule ambaye akionekana atadai haki yake.

Nitatoa mifano mitatu, maana mabishano bila mifano ni kelele.

Wa kwanza ni Mafeking yenyewe. Mji ule ulizingirwa kwa siku 217, na ulipokombolewa tarehe 17 Mei 1900 watu wa London walijaa barabarani wakishangilia. Kamanda wake, Baden-Powell, akawa shujaa wa dunia. Ndiye huyo aliyeanzisha skauti, na kaburi lake liko Nyeri, Kenya, ambako alifariki mwaka 1941. Watoto wetu wanavaa skafu yake. Lakini ni wangapi kati yao waliopata kuambiwa kwamba ndani ya eneo lililozingirwa mlikuwamo mji wa Wabarolong, wenye watu wengi kuliko Wazungu, na kwamba hao nao walishika zamu mahandakini? Tarehe 12 Mei 1900, siku chache kabla ya ukombozi, Makaburu wakiongozwa na Eloff, mjukuu wa Rais Kruger, walipenya kupitia mji huo wa Wabarolong. Wabarolong wakawaziba njia nyuma yao, wakawatenga makundi makundi, na mwishowe Makaburu wengi wakatekwa. Na wakati huohuo chakula kiligawiwa kwa rangi. Nafaka ya Waafrika ilichukuliwa na kupimwa, wao wakauziwa supu ya nyama ya farasi, na wageni waliokuwa wamekimbilia mjini wakashinikizwa waondoke wapite katikati ya bunduki za Makaburu. Waafrika walioiba chakula kwa njaa walihukumiwa na mahakama ya kijeshi, wengine wakapigwa risasi.

Tunayajua mengi ya hayo kwa sababu kijana mmoja Mbarolong, mkalimani wa mahakama, aliyekuwa na umri wa miaka 23 tu, aliandika shajara kila siku. Jina lake Solomon Plaatje. Shajara hiyo haikuchapishwa ila mwaka 1973, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake. Vitabu vya Wazungu kuhusu Mafeking vilikuwa vimeanza kuuzwa tangu mwaka 1900.

Mfano wa pili ni wa Linchwe, chifu wa Wabakgatla, ambao nchi yao ilikuwa imegawanywa na mpaka wa Transvaal na Bechuanaland. Tarehe 25 Novemba 1899 watu wake waliishambulia kambi ya Makaburu huko Derdepoort. Baadaye, kwa muda mrefu wa vita, sehemu kubwa ya magharibi ya Transvaal haikuweza kukaliwa na Makaburu kwa sababu ya Wabakgatla. Watu hao hawakuwa wanampigania Malkia Victoria. Walikuwa na hesabu zao wenyewe za kale: ardhi iliyochukuliwa, ng'ombe waliochukuliwa, na kazi za kulazimishwa. Waliona nafasi wakaitumia. Je, nyasi huona nafasi?

Wa tatu ni wa fundi mmoja mhunzi wa mji mdogo wa Calvinia, katika koloni la Rasi. Aliitwa Abraham Esau, mtu wa damu ya mchanganyiko. Aliamini kwa dhati kwamba serikali ya Kiingereza ndiyo inayomlindia kura yake na heshima yake, basi akawakusanya wenzake wailinde. Makaburu walipouteka mji walimpiga kwa siku kadhaa, wakamburuta nje ya mji wakiwa juu ya farasi, wakampiga risasi, mwezi Februari 1901. Alikufa kwa ajili ya ahadi. Tutaona punde ahadi hiyo ilivyotendewa na wale aliowaamini.

Niliwahi kuyasema haya barazani kwetu, na mzee mmoja ninayemheshimu akanijibu, "Mwalimu, usitutie maneno. Wale walilipwa ujira, au walilazimishwa. Mtu akilipwa kuchimba handaki, handaki linakuwa lake?" Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ni kweli wengi walifuata ujira, maana migodi ilifungwa vita vilipoanza na maelfu wakawa hawana kazi. Ni kweli pia kwamba wengi walitiwa kazini kwa nguvu. Lakini nilimjibu, na namjibu tena hapa: Shikamoo, mzee wangu, lakini hao askari wa Kiingereza nao walilipwa nini, kama si ujira? Nao wengi walitoka kwenye umaskini. Mbona hatusemi kuwa vita havikuwa vyao? Majina yao yamechongwa katika mawe ndani ya makanisa ya Uingereza, kijiji kwa kijiji. Kipimo hiki cha ujira tunamwekea Mwafrika peke yake.

Sasa tufike penye machungu zaidi. Waingereza walipoona hawawezi kuwamaliza Makaburu waliokuwa wakipigana kwa kuvizia, walianza kuchoma moto nchi. Lord Roberts alianzisha, Kitchener akakamilisha. Nyumba za mashambani zipatazo 30,000 ziliteketezwa, mifugo ikachinjwa, na nchi ikakatwa vipande kwa seng'enge na vibanda vya walinzi vipatavyo 8,000. Wanawake na watoto wa Kikaburu wakakusanywa kambini. Humo walikufa watu karibu 28,000, na takriban 22,000 kati yao walikuwa watoto. Surua, homa ya matumbo, njaa na uchafu ndivyo vilivyowaua. Sipunguzi hata chozi moja la mama wa Kikaburu. Mtoto ni mtoto, na aliyewafungia watoto mahali pa kufia ametenda uovu, awe ana bendera gani.

Bibi mmoja Mwingereza, Emily Hobhouse, alikwenda kuziona kambi hizo, akaandika ripoti mwaka 1901, na Uingereza ikatikisika. Serikali ikatuma tume ya wanawake chini ya Bibi Fawcett. Kambi zikarekebishwa, vifo vikapungua. Jambo jema. Lakini nyumba ya Kikaburu ilipochomwa, vibanda vya wafanyakazi na wapangaji wa Kiafrika vilivyokuwa pembeni havikubakishwa. Nao walikusanywa, wakapelekwa katika kambi zao mbali, kando ya reli. Kambi hizo zilifika 66. Mwezi Mei 1902 zilikuwa na watu zaidi ya 115,000. Vifo vilivyoandikwa ni 14,154, wengi wao watoto, na wataalamu wanakadiria kuwa waliokufa walifika 20,000 au kuzidi, kwa sababu katika kambi nyingi hapakuwa na mwandishi wa kuandika. Wanaume walitakiwa kulifanyia kazi jeshi. Wanawake na watoto walime chakula chao wenyewe, na asiye na mtu kazini alinunua unga. Tume ya Bibi Fawcett haikuzikagua kambi hizi. Hakuna aliyeituma.

Tarehe 16 Desemba 1913, kule Bloemfontein, ilizinduliwa nguzo kubwa ya mawe kuwakumbuka wanawake na watoto wa Kikaburu. Bado ipo. Wale wengine makaburi yao yalibaki porini, mawe yaliyorundikwa bila jina, na mengine yakapitiwa na jembe. Ilikuwa ni maadhimisho ya miaka 100, kuanzia mwaka 1999, ndipo yalipoanza kutajwa rasmi na kuwekewa alama kwa wingi, na vita vyenyewe vikaanza kuitwa Vita vya Afrika ya Kusini, badala ya vita vya Waingereza na Makaburu. Watu wazima walioyazika maiti hayo walikuwa wote wamekwisha kufa bila kuulizwa.

Nakuja sasa kwenye ushahidi ambao, kwa maoni yangu, unaimaliza kabisa hoja ya tembo na nyasi. Haukutoka kwa mwanahistoria wa Kiafrika mwenye hasira. Uliandikwa na Makaburu wenyewe.

Mwezi Mei 1902 wajumbe 60 wa Makaburu walikutana Vereeniging kuamua kama waendelee na vita au wakubali kushindwa. Mkutano ulikuwa umekaribia. Katika wilaya ya Vryheid, Jenerali Botha alikuwa ameamuru maboma ya Wazulu wa chifu Sikhobobo yachomwe na mifugo ichukuliwe, na chifu akatukanwa juu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Mei Sikhobobo na watu wake walikishambulia kikosi cha Makaburu huko Holkrantz, wakawaua 56. Nao walipoteza watu karibu idadi hiyohiyo. Basi tarehe 31 Mei wajumbe wale walipopiga kura, 54 wakikubali na 6 wakikataa, waliandika sababu sita za kukubali. Mojawapo ni hiyo: kwamba makabila ya Kiafrika, ndani na nje ya mipaka ya jamhuri zao, yana silaha na yanapigana dhidi yao, na wakataja waziwazi vifo vya watu 56 wa wilaya ya Vryheid.

Je, ndugu msomaji, umepata kusikia tembo aliyesalimu amri kwa kuziogopa nyasi?

Walijua, basi. Pande zote mbili zilijua kwamba Mwafrika alikuwa mmoja wa wapiganaji, na kwamba alikuwa miongoni mwa walioamua mwisho wa vita. Ndiyo sababu walipokaa kupatana walihakikisha jambo moja: asipate chochote. Mkataba uliotiwa saini Pretoria usiku wa siku hiyo ya tarehe 31 Mei ulikuwa na vifungu 10. Kifungu cha 10 kiliwapa Makaburu, walioshindwa, pauni milioni 3 za kujenga upya mashamba yao. Kifungu cha 8 kilisema kwamba suala la kuwapa wenyeji haki ya kupiga kura halitaamuliwa mpaka baada ya kuanzishwa kwa serikali ya ndani. Serikali ya ndani ya nani? Ya Wazungu. Maana yake ni kwamba watakaopiga kura kuamua kama Mwafrika apige kura ni wale tu wasiotaka apige kura. Huo ndio uliokuwa ujanja wote. Mtoto wa shule ya msingi angeutambua.

Na kumbuka kwamba kabla ya vita mawaziri wa Uingereza walikuwa wamemshtaki Kruger mbele ya dunia kwa kuwatendea vibaya Waafrika na Wahindi. Waliitumia dhuluma hiyo kama sababu mojawapo ya kumpiga. Walipokwisha kumpiga, waliishika dhuluma hiyohiyo wakaiweka kuwa zawadi ya patano.

Watetezi wao husema kwamba Waingereza walikuwa wamechoka, gharama zimewaelemea, hawakuwa na la kufanya. Nakataa. Ni wao walioshinda. Walikuwa na askari wao nchini kila pembe. Waliwanyima Makaburu jambo kubwa kuliko yote waliyoyataka, yaani uhuru wa jamhuri zao. Hapo hawakulegea hata kidogo kwa miezi na miezi. Mtu aliyeweza kukaza kamba hapo angeweza kuikaza na pengine. Hakulegea kwa udhaifu. Alilegea kwa kuwa jambo lenyewe halikumgharimu yeye.

Yaliyofuata ni malipo, awamu kwa awamu. Waafrika wa Transvaal walinyang'anywa bunduki zao. Wale waliokuwa wamerudia mashamba ya mababu zao wakati wa vita waliondolewa, na askari polisi wa Kiingereza wakasimamia kazi hiyo ili mwenye shamba wa Kikaburu arudi. Sheria za pasi zikabaki. Transvaal ikapewa serikali ya ndani mwaka 1906, nchi ya Orange mwaka 1907. Na kama ilivyotarajiwa, Waafrika hawakupewa kura. Mwaka 1909 ujumbe ulikwenda London, wakiwamo Walter Rubusana, John Tengo Jabavu na Abdullah Abdurahman, kuwasihi wabunge wa Uingereza wasiipitishe katiba ya Muungano wenye ubaguzi ndani yake. Bunge likaipitisha. Muungano wa Afrika ya Kusini ukazaliwa tarehe 31 Mei 1910, miaka minane kamili tangu mkataba, na waziri mkuu wake wa kwanza akawa Louis Botha, yule yule jenerali. Mwaka 1913 ikaja Sheria ya Ardhi, iliyowaachia Waafrika takriban asilimia 7 ya nchi yao. Hata kura ya Rasi, ile aliyoifia Abraham Esau, iliondolewa katika daftari la pamoja: ya Waafrika mwaka 1936, ya watu wa damu ya mchanganyiko mwaka 1956. Kutoka mkataba ule hadi uchaguzi wa tarehe 27 Aprili 1994 ni miaka 92.

Katika jambo hili nasi Waswahili tuna shauri letu la kujisahihisha, nalo limo katika ulimi wetu. Sisi tuliosoma enzi za Azimio la Arusha tulilelewa na neno Kaburu. Lilikuwa jina la watu, likawa jina la uovu. Mbaguzi yeyote tulimwita Kaburu. Hata jirani mnyimivu aliitwa Kaburu. Nchi yetu iliwapokea wapigania uhuru, ikawapa Kongwa na Mazimbu, na najivunia hilo. Lakini angalia kazi lililofanya neno lenyewe. Limembebesha mmoja dhambi ya wawili. Kwa Kiswahili chetu Kaburu ni mbaguzi, na Mwingereza ni mtu wa sheria na utaratibu, mwenye chai ya saa kumi. Waliotia saini kifungu cha 8 walikuwa pande mbili za meza, nasi tumekuwa tukiulaani upande mmoja.

Wala wawili hao hawakuishia kule kusini. Baada ya vita baadhi ya Makaburu walisafiri hadi kwetu: wengine wakapewa ardhi na Wajerumani kandokando ya Mlima Meru, na mwaka 1908 wengine wakashukia Mombasa wakapandisha hadi Uasin Gishu, ambako Waingereza waliwapa mashamba na mji wa Eldoret ukaota. Adui wa jana alikuwa amekwisha kuwa mlowezi mwenzake. Mwezi Februari 1916 Jan Smuts, ambaye mwaka 1901 alikuwa akiongoza kikosi cha Makaburu kuwapiga Waingereza ndani ya koloni la Rasi, alikabidhiwa majeshi yote ya Uingereza katika Afrika Mashariki awafukuze Wajerumani. Nani aliyechukua mizigo ya jeshi hilo? Wapagazi wa Kiafrika, ambao walikufa makumi kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la jeshi lao la uchukuzi ndilo lililoachia Kariakoo jina lake. Tunakwenda pale kununua ndizi na vitambaa, na wachache tunakumbuka. Na juu yao vilevile imesemwa: vita vya Wazungu; nyasi ziliumia.

Basi ninapopinga methali hii sipigani na maneno. Napigana na desturi ya kumhurumia mtu ili asidai. Ukimwita mtu nyasi unampa pole, na pole haina hati. Ukisema kwamba alipigana, alifanya kazi, alizika watu wake 14,154 kwa hesabu iliyoandikwa, na kwamba wakubwa walipatana kwa kumtoa yeye, hapo umetaja deni. Deni lina mdai na mdaiwa, lina tarehe na kiasi. Plaatje alilijua hilo. Ndiyo maana alipokuwa katibu wa kwanza wa chama kilichoanzishwa Bloemfontein tarehe 8 Januari 1912, ambacho baadaye kiliitwa ANC, hakwenda London kuomba huruma. Alikwenda kudai haki.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Mtakapofika kwenye somo hili, msiwafundishe vijana Majuba na Mafeking mkaishia hapo. Andikeni kifungu cha 8 ubaoni, neno kwa neno, mwulize darasa: waliokuwapo mezani ni akina nani, na aliyetajwa bila kuwapo ni nani? Kisha wapeni vijana mapatano mengine ya amani, ya bara letu hili na ya siku zetu hizi, wayasome kwa swali hilohilo. Wapiganaji wanapoitwa hotelini kugawana wizara, nasi tukapiga makofi kwa kuwa bunduki zimenyamaza, kuna kifungu mahali fulani ndani ya karatasi zile kinachomhusu mtu ambaye hakuitwa. Vijana wajifunze kukitafuta kabla ya wino kukauka.